Kilo Tisini na Tano

Kidonge kilikataa kusagika. Fundi cherehani alikibana kati ya vijiko viwili, akageukia ukuta wa korido ili manesi wasimwone, akakandamiza mpaka kikawa unga. Akaumimina kwenye kikombe cha chai ya mkewe, akakoroga, akaonja kwa ncha ya ulimi. Kichungu. Akaongeza sukari.

Kidonge kilikuwa chake mwenyewe. Alianzishiwa dawa hiyo moyo ulipoanza kumsumbua, ili damu isigande. Sasa kila siku alijinyima, akampa mkewe kwa siri.

Mkewe alikuwa amelazwa kwa sababu ya bonge la damu mguuni. Siku alipofika, nesi alimpandisha kwenye mizani ya wodi, mizani ikagoma. Haikutengenezewa watu wa kiasi kile. "Basi tumpeleke stoo, kwenye ile ya kupimia magunia," nesi akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kitanda cha mwisho. Mtu akacheka. Mke wa fundi akainamisha uso.

Fundi akashtukia ameshasema: "Hakuna haja. Ana kilo tisini na tano."

Nesi akamtazama mgonjwa, akamtazama fundi, akaandika.

Tisini na tano ndizo kilo alizowahi kutajiwa na mkewe, miaka mingi nyuma, naye hakuzibishia. Mwaka juzi tu, huko kliniki, alichungulia juu ya bega lake akaona mia moja arobaini na mbili. Akaufyata. Magauni yote ya mkewe aliyashona yeye, na kila mara aliongeza kitambaa ubavuni kimyakimya, bila hata kumpima kwa futi. Mkewe akilivaa jipya husema, "Unaona? Mimi ni yule yule." Naye hujibu, "Yule yule." Walipendana vizuri tu ndani ya uongo huo.

Baadaye daktari alimwita fundi pembeni. "Sindano zake zinapimwa kwa kilo, mzee. Dawa ikipungua, lile bonge linaweza kupanda mapafuni likamuua. Ikizidi, atavuja damu ndani kwa ndani. Kwa hiyo tunakwenda kwa hesabu." Kisha huyo akaondoka na msururu wa wanafunzi wake.

Fundi alibaki amesimama. Angemfuata? Lakini wodi ile kila kitu kilisomwa kwa sauti mbele ya kitanda: umri, ugonjwa, kilo. Mkewe angesikia zile za kweli zikitangazwa, na angejua ni nani aliyezitoa. Angejua pia kwamba mumewe alikuwa anajua siku zote. Fundi alimpenda mno hata asiweze kumfanyia hivyo, na aliogopa mno kumpoteza. Ndipo alipokumbuka vidonge vyake. Kama sindano imepungua, alijiambia, mimi nitaijazia.

Kesho yake mfamasia alipita kitandani kukagua dawa, mwanamke mcheshi asiyeishiwa maneno. "Shemeji, hebu tupishe kidogo," akasema. Fundi aliporudi, wanawake wale wawili walinyamaza ghafla. Mkewe akamshika mkono. "Usiwe na wasiwasi, fundi wangu. Dawa zangu ziko sawa."

Maskini, fundi akawaza, hajui kitu.

Tangu hapo daktari akipita alisoma umri na ugonjwa tu. Kilo hakuzitaja tena, na fundi akashusha pumzi.

Lakini leo asubuhi mswaki wa mkewe ulikuwa mwekundu, na mkononi palitokea alama ya zambarau, kubwa kama kiganja. "Nilijigonga wapi tena?" mkewe aliuliza, akijaribu kucheka. Fundi hakucheka. Ugonjwa unazidi, alijiambia, dawa haitoshi. Ndiyo maana leo, pale ukutani, alisaga cha pili.

Mkewe alipiga funda la kwanza, akakunja uso. "Chai yako siku hizi ni chungu, fundi wangu."

"Majani ya hapa ndivyo yalivyo. Maliza, mama."

Akamaliza yote, kwa ajili yake. Akafumba macho, akasema kichwa kinamuuma.

Fundi akachukua kikombe akatoka. Moyo ulikuwa umekataa. Aibu na iwe aibu, bora mke aliyekasirika kuliko mke aliyezikwa. Akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la dawa, akamwinamia mfamasia.

"Nilidanganya," akasema. "Kilo zake si tisini na tano. Ni mia na arobaini na kitu. Muongezeeni dawa, nakuomba, lakini asijue."

Mfamasia alicheka mpaka akashika meza. "Jamani, nyie wawili! Shemeji, hilo tulishalimaliza. Siku ile nilipokutoa nje, dada alininong'oneza zile za kweli, na sindano anapata kamili tangu jioni ile ile. Akaniapisha nisikwambie. Eti, 'Mume wangu anaamini mimi ni tisini na tano, nitamvunja moyo.'"

Fundi alitazama kikombe kitupu mkononi mwake. Huko wodini nesi alikuwa anapaza sauti aletewe mataulo, upesi.