Darubini ya Korane

Rukiya alijibanza nyuma ya makoti ya mvua, yale ya kijani ya wawindaji, na harufu ya mpira mpya ikamjaa puani. Hatua nane mbele yake, kwenye kaunta ya duka la bunduki, mwanamke mwembamba mwenye shali ya manjano alikuwa ameushika mkono wa Korane. Korane, mume wa Rukiya kwa miaka thelathini na mmoja.

Wala hakuugusa kwa bahati mbaya. Aliunyoosha taratibu mpaka ukawa sawa na bega, akatoa tepu ya fundi wa nguo mkobani, akapima kutoka kwenye ngumi ya Korane mpaka kwenye shavu lake, chini kidogo ya jicho. Vidole vikakaa pale shavuni. Rukiya akahesabu: moja, mbili, tatu, nne.

"Sentimita sitini na mbili," mwanamke alisema. "Tulia basi, unanichekesha."

Kwa Kiswahili! Mhindi huyu alikuwa na Kiswahili cha Kisumu, laini, cha mzaha, na Korane akamcheka vile ambavyo nyumbani hakuwa amecheka tangu Ramadhani.

Kowsar, jirani wa ghorofa ya chini kule Newtown, mtaa wao hapa ughaibuni, ndiye aliyeleta habari. "Dadangu, kaa chini kwanza. Umekaa? Nimemwona bwanako Soho Road na yule Dipika wa kilabu chao. Wanavuka barabara wameshikana mikono, wallahi, mchana kweupe, kama maharusi!"

"Labda wanaenda mazoezini," Rukiya alijibu. Korane alikuwa mwaka wa kumi katika kilabu cha kulenga shabaha kule Sutton Coldfield. Kila Jumamosi alitoka na bastola yake ya hewa, ile ya silinda ya kuzunguka, ndani ya sanduku lake.

"Shabaha gani ya kushikana vidole? Ebu niambie, na mimi nijiunge!"

Kuanzia hapo kila kitu kilipata maana. Mwaka jana Korane aliuza teksi yake, akasema ni mgongo; mgongo gani usiouma mtu akienda kwa Dipika? Halafu kulikuwa na sauti ya mwanamke kwenye simu yake, Korane akiwa amejifungia chooni, ikiongea mbio mbio bila kupumua, naye hajibu neno. Na juzi Rukiya alipaka hina mpaka viwikoni, akamtengea chai kwa mikono hiyo hiyo. Zamani Korane alikuwa anasifu hata pini mpya ya mtandio. Juzi alikunywa chai, akashukuru, basi.

Asubuhi hii Rukiya alikuwa amezikunja nguo zake zote kwenye sutikesi ya kijivu na kuiegemeza mlangoni, kisha akamfuata Korane kwa basi hadi hapa dukani. Akiyathibitisha haya mwenyewe tu, jioni angelala kwa dadake Leicester, na ndoa ingekuwa imekwisha.

Muuzaji, mwanamume mnene wa ndevu nyekundu, alipanga darubini tatu za kulengea shabaha juu ya kitambaa.

"Ya bunduki unaisogeza karibu na jicho," alieleza. "Ya bastola unaitazama mkono ukiwa umenyooka. Ndiyo maana tunapima mkono." Akaifunga ile ndogo kwanza kwenye bastola ya Korane, yenye nukta nyekundu. "Kwa mita kumi, wengi huchukua hii."

Korane aliinua bastola tupu kuelekea karatasi ya duara iliyobandikwa ukutani. Akatikisa kichwa. Ya pili pia aliikataa.

"Nipe ile kubwa kuliko zote."

"Kwa mita kumi? Bwana, utahesabu nyuzi za karatasi!"

"Hizo nyuzi ndizo ninazozitaka."

Muuzaji akacheka, akaingia stoo kuitafutia vifungo vyake. Dipika alichukua kasha la darubini, akausogeza mdomo karibu na sikio la Korane na kuanza kumsomea maandishi, mstari kwa mstari, kama mama anayemsomea mtoto. Mtu mzima, na kasha liko pale pale puani pake! Rukiya aliminya ukingo wa koti lililokuwa mbele yake. Yeye hata risiti ya duka hakuwahi kusomewa hivyo.

Kisha Dipika akaweka kasha chini.

"Na mama nyumbani? Bado hajui?"

"Hajui."

"Mwaka mzima, mzee! Utamficha mpaka lini?"

"Humjui Rukiya wewe. Siku akijua, nyumba yote itageuka matanga. Niachie msimu huu mmoja. Nishindane mara ya mwisho, halafu nitamwambia mwenyewe."

"Si haki. Mimi ningekuwa yeye, ningetaka kujua."

"Najua si haki," Korane alisema polepole. "Lakini kilio chake sikiwezi."

Ilitosha. Rukiya aliyasukuma makoti, mawili yakaanguka na vyango vyake. Alitembea hatua zote nane, akasimama mbele ya mumewe, karibu kiasi kwamba angeweza kumkung'uta vumbi begani. Alikuwa na maneno aliyoyapanga njia nzima kwenye basi, tangu Newtown, na hakuna hata moja lililotoka. Akabaki amemkazia macho tu, machozi yakimtiririka, akisubiri aone atakavyoruka kwa aibu.

Korane hakuruka. Alimwelekea sawasawa, macho wazi, tabasamu lile lile la adabu analowapa wageni, akamgeuzia Dipika sikio.

"Dipika," alinong'ona, "huyu aliyesimama mbele yangu ni muuzaji amerudi, au ni mtu mwingine?"