Mjukuu wa Bwana wa Soko

Siku ile mjinga hakuwa mwingine, alikuwa Bulaimu mwenyewe. Hata ukimwuliza leo hakatai. Anajikuna kisogo tu.

Tangu alfajiri alikuwa kwenye barabara ya Serikali, akibeba kokoto kwa lazima. Aliporudi kijijini Nyangwe mchana, mgongo unawaka, alimkuta mgeni barazani: Bi Feza wa Kabambare, bibi mzaa mama wa Nuru, binti aliyemposa. Alikuja kwa ajili ya posa. Kwao binti hatolewi mpaka mwanamke mzee wa ukoo aje kumtazama mchumba na kuuliza asili yake. Mzee huyo akisema hapana, mambo yameishia hapo.

Na Bulaimu alimtaka Nuru kama mwenye homa anavyotaka maji.

"Nitembeze kidogo," bibi alisema. "Kijiji yenu iko na sifa."

"Bibi, na jua hili? Na safari yote ile?"

"Miguu yangu ilichoka zamani, mutoto yangu. Leo haina habari mpya."

Wakatoka. Bibi alikokota miguu, Bulaimu alikokota viatu vya kuazima vilivyomla vidole. Walipita msikitini, wakateremka hadi ukingo wa Lualaba, wavuvi walikoanika nyavu. Penye uwanja mtupu, nyasi na mbuzi wawili tu, bibi akasimama.

"Na hapa?"

Bulaimu akaona hapo ndipo mlango wa kumpata Nuru unapofunguka. Uchovu ukamtoka.

"Hapa ilikuwa soko, wakati wa Waarabu. Babu yangu alikuwa na kiti yake palee! Mutu mukubwa, bibi. Kanzu nyeupe, bunduki mbili. Watu wanaletwa mbele yake, yeye ananyoosha kidole tu: huyu, na huyu."

"Kidole tu?"

"Kidole tu! Sisi ni waungwana wa asili, si watu wa kuokotwa njiani."

Bi Feza akakaa chini polepole, akazipapasa nyasi kama anayetafuta sindano.

"Mimi niliuzwa hapa," alisema. "Nilikuwa kimo cha mbuzi yule."

 Bulaimu akapiga magoti, na kokoto za asubuhi zikamrudia zote mgongoni.

"Bibi, nimedanganya! Wallahi! Babu yangu hakuwa na kiti wala bunduki. Aliletwa na kamba shingoni, akauzwa papa hapa, kama wewe. Kumbe sisi ni wa kamba moja! Sasa nini itaninyima Nuru?"

Bibi akajiinua kwa taabu, akakung'uta kikwembe alichojifunga kiunoni.

"Babu yako walimuuza mara moja. Leo wewe umemuuza mara ya pili, upate muke. Huyo muke naye utamuuza siku ukitaka nini?"