Siku ya Kwanza ya Binti wa Fundi

"Mama, toa mkono begani kwangu," binti alisema. "Kengele italia saa mbili kamili. Wewe hutakiwi ndani."

Mama akauondoa mkono kama aliyegusa pasi ya moto. Walikuwa wamesimama getini, na uwanja wote ulijaa makelele ya watoto. Yeye ni fundi cherehani, mtu aliyekata vitambaa vya watu miaka nenda miaka rudi bila kidole kutetemeka, lakini asubuhi hiyo alishindwa hata kufunga vifungo vya sweta lake.

Alikuwa amefanya kila aliloweza. Shati la bluu alilishona mwenyewe, mishono akaigeuzia nje isimkwaruze ngozi. Mkobani alitia vizibo vya masikio, jozi mbili, endapo moja itapotea. Lakini kitu cha kumkinga mwanawe na watu, hicho hakujua kinashonwaje.

"Rudi nyumbani," binti alirudia, macho yake kwenye bawaba za geti. "Saa nne una mteja." Kisha akaingia kwa hatua zake zile zile, kama anayezihesabu, bila kugeuka nyuma.

"Wewe ni wa tatu leo kung'ang'ania geti langu," mlinzi alimwambia kwa upole. "Siku ya kwanza anayelia ni mzazi. Mtoto hana habari."

Laiti angejua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama huyu alikuwa ameumwa na shule nne. Ya kwanza ilimrudishia mtoto siku ile ile daktari alipoandika neno usonji kwenye karatasi. Ya pili ilimkalisha nyuma ya darasa, uso ukutani, mwaka mzima. Ya tatu ilikuwa na wataalamu na vyumba vyenye mazulia, ila kwa ada ya muhula mmoja angeuza cherehani na bado angebaki akiomba. Ya nne hakupenda kuikumbuka. Alimkuta mwanawe amefungiwa stoo ya mafagio, gizani. "Tulitaka atulie kidogo," walimwambia. Ndipo alipompeleka kwa mwalimu mstaafu, jirani yao, akawa anasomeshwa barazani kwa malipo ya kushonewa nguo, mpaka akafaulu mitihani yake yote.

Na sasa hapa.

Mwalimu mkuu, mwanamke mnene wa sauti ya chini, alimwona pale getini akamwita. Akamkalisha kwenye benchi nje ya ofisi.

"Pumzika kidogo hapa, mama, moyo utulie, kisha uende zako."

"Amekubaliwa kweli?"

"Karatasi zake nimezisoma zote, hazina tatizo. Tumempa miezi mitatu ya majaribio."

"Na wazazi wanasemaje?"

"Sikufichi. Wawili walikuja wiki iliyopita. Waliuliza kama watoto wao watakuwa salama naye."

"Ukawajibuje?"

"Niliwaambia tungoje tuone."

Tungoje tuone. Maneno hayo hayo aliambiwa katika shule ya nne. Mama akaushika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Ndipo akatambua kwamba hakuna aliyetaja pesa, si leo wala kabla ya leo, na hilo nalo likamtia hofu. Labda hawakuona haja ya kuzitaja, kwa kuwa walishaamua kumrudisha.

Kengele ikalia. Sauti yake ilikuwa kali, ya chuma kwa chuma, ikamwingia mama mpaka kwenye meno. Watoto wakamezwa na madarasa. Kukawa kimya, na mama akaanza kupumua.

Kisha akasikia ukelele.

Ulitoka darasa la mwisho, mwembamba, mrefu, kama kitambaa kinachochanwa bila mwisho. Kitu kizito kikaanguka sakafuni. Mama alikuwa ameshasimama. Alikimbia na kiatu kimoja, kingine kikabaki kwenye ngazi. Alipita milango yote akiitazama midogo zaidi kuliko mikubwa, akitafuta stoo.

Akafika kwenye dirisha la darasa. Meza moja ilikuwa imepinduka. Watoto saba walikuwa wamejibana ukutani, wanatazama chini. Na chini, kwenye saruji tupu, nusu ya mwili ikiwa uvunguni mwa meza nyingine, alikuwa amelala binti yake.

Alikamata kitasa cha mlango, lakini mkono wa mtu mwingine ukaufunika wake.

"Ngoja," mwalimu mkuu alinong'ona, naye akihema.

"Niachie. Mwanangu huyo."

"Najua. Tazama kwanza."

Mama akatazama. Shavu la binti yake lilikuwa sakafuni, macho wazi, uso mtulivu. Mbele yake, umbali wa mkono mmoja, alijikunja mtoto mdogo wa kike, amejiziba masikio, na huyo ndiye aliyekuwa akipiga ukelele. Binti hakumgusa. Hakumwambia nyamaza. Alikuwa akigonga sakafu kwa kidole kimoja, polepole, anaacha, anagonga tena.

Ukelele ukawa kilio. Kilio kikawa kwikwi. Ilichukua muda mrefu, na hakuna mtu darasani aliyesogea. Mwishowe kidole kidogo kikatoka sikioni, kikashuka, kikagonga sakafu mara moja.

"Aliyefundisha hapa kabla yake angemvuta mtoto kwa mkono," mwalimu mkuu alisema taratibu. Akamshika mama kiwiko, akamgeuza kutoka dirishani. "Twende, mama. Tumwache mwalimu wetu mpya afundishe."