Sauti ya Nyamizi

Siku hizi anayejitolea kufundisha shule ya kijijini kwetu huiacha sauti yake huko huko, akarudi nyumbani bubu. Mke wangu Nyamizi aliitoa yake kwa moyo mkunjufu. Sasa mashine inaitumia kusomesha watoto na kuwahimiza kunawa mikono. Kusema kweli, hata kuhara kumepungua.

Lakini mimi naikumbuka ikinigombeza kutoka jikoni, mboga ikiungua, kisha anacheka mwenyewe.

Jana tulikwenda shuleni kumchukua binti yetu, Kabula. Wenzake walikwishaondoka, yeye kaegemeza sikio kwenye spika ya ile mashine. Nyamizi akamshika bega. Kabula akamtazama, akauondoa ule mkono taratibu.

“Subiri kidogo,” akamwambia. “Mama bado anaongea.”