Hedifoni Isiyo na Maiki

Fundi cherehani alichagua kadi ya picha ya bei rahisi kuliko zote, akaiweka kwenye kaunta ya duka la kompyuta kando ya prosesa iliyokwisha kutumika.

"Mzee, kwa hela hii gemu la magari litacheza, ila usitegemee makubwa," muuzaji alisema. "Kompyuta ni ya mjukuu?"

"Yangu mwenyewe."

Muuzaji alicheka, kisha akaona mteja wake hacheki, akarudi kwenye vifaa.

Binti wa fundi alikuwa hapokei simu za baba yake tangu wagombane msibani, mwaka wa tatu sasa. Shangazi mtu ndiye aliyemnong'oneza fundi, kaka yake, kwamba kila Jumamosi binti huingia kwenye gemu la magari, akashindana na yeyote atakayemkuta humo, huku akipiga soga na kucheka kama zamani. Hata jina analotumia alilitaja.

"Imebaki hedifoni tu," muuzaji alisema. "Chukua yenye maiki. Bei ni ileile, na utaongea na wenzako mkicheza."

Fundi aliivaa, akakivuta kijiti cha maiki hadi mdomoni. Alikohoa kidogo, akafungua kinywa kujaribu, kisha akakisukuma kijiti pembeni. Binti angeitambua sauti ya baba yake hata katikati ya soko, na angetoka kwenye gemu papo hapo.

Akaivua taratibu.

"Nipe isiyo na maiki."

"Sasa utaongeaje nao, mzee?"

"Sitaongea," alisema. "Nataka kumsikia tu."