Magoti ya Fundi Vigae

Fundi vigae alishinda kutwa amepiga magoti, na kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa mkewe hakumwona akimpigia Mungu magoti hata mara moja.

"Haya magoti yana kazi yake," alizoea kusema, akifungua vipande vya godoro alivyojifunga magotini. "Sakafu ndiyo imenilisha. Sijawahi kuona mfuko hata mmoja wa saruji ukishushwa kutoka mbinguni."

Mkewe aliacha kubishana naye zamani. Kila Alhamisi alasiri, wanawake watano wa kikundi cha maombi walikutana sebuleni kwake, na haja yake ilikuwa ileile: amwone mumewe amepiga magoti mbele za Mungu. Hata mara moja tu.

Alhamisi hiyo fundi alirudi mapema, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alikuwa na maboksi mawili ya vigae begani, shati limelowa jasho. Jirani alimfuata hadi mlangoni.

"Nipe moja nikusaidie, fundi."

"Nimekuomba?"

Alipoyatua maboksi, alikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto.

"Una nini, baba watoto?" mkewe aliuliza.

"Uchovu. Najilaza kidogo."

"Nije nikukande?"

"Wakande wagonjwa. Na hao wenzako waambie waombe polepole, wasije wakamwamsha huyo Mungu wao."

Wanawake walicheka, hata mjane aliyewaongoza. Walishamzoea.

Walikuwa katikati ya wimbo wa pili kitu kilipoanguka chumbani. Mke aliinuka akaenda, bila haraka, maana fundi hakupenda kukimbiliwa kama mtoto.

Alisukuma mlango taratibu. Saa ya mezani ilikuwa sakafuni, kioo kimepasuka. Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mgongo kwa mlango, paji la uso limezama kwenye godoro.

"Mungu," alisema. "Mungu," akasema tena, kwa shida, kama mtu anayejifunza kusoma ukubwani.

Mke alijiziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka yakapita katikati ya vidole. Alitamani kwenda kupiga magoti pembeni yake, lakini alimjua mwanamume huyu. Akigundua ameonekana, atainuka, atatia mzaha, na hatarudia tena mpaka anaingia kaburini.

Akarudi nyuma kwa ncha za vidole, akauvuta mlango mpaka ukafungika.

Sebuleni aliwanong'oneza wenzake. Mjane alipiga magoti palepale kwenye vigae alivyovipanga fundi mwenyewe.

"Niende nikamwangalie?" mke aliuliza. "Sauti yake ilikuwa nzito."

"Ni kulia huko, mwanangu. Wanaume hawajazoea. Mwache na Muumba wake." Mjane alijifuta macho. "Tuimbe kwa nguvu, asije akaona aibu kwamba anasikika."

Wakaimba. Wakamaliza beti zote, wakaanza upya, sauti ya mke ikiwa juu kuliko zote.

Chumbani, fundi alikuwa ameusikia mlango ukifunguliwa, kisha ukifungwa. Upande mzima wa mwili haukuwa wake tena. Kwa ulimi uliokuwa ukimkataa, alikuwa amemwomba Mungu jambo moja tu: amlete mkewe.