Malisho ya Baba

Dereva wa trekta alizima injini. Jembe lilikuwa limefukua kengele ya ng'ombe, naye aliitambua kwa ufa ambao baba yake aliuziba kwa waya wa shaba.

Hapa marehemu alitunza nyasi za kiangazi, asikubali hata ndama aingie kabla ya wakati. Alipofariki, wanawe, dereva akiwa mmoja wao, waliacha kuyalinda malisho. Ukame ukaja, mifugo ikaisha, wakakubaliana palimwe.

Aliikung'uta kengele. Vumbi likamjaa kiganjani, laini kama majivu. Nyuma yake, udongo alioulima asubuhi ulikuwa umeshaanza kupeperuka.

"Mbona umesimama, kaka?" msimamizi wa kazi ya kulima aliuliza kutoka ukingoni mwa shamba. "Kimebaki kipande kidogo tu."

"Husikii ng'ombe wanalia?"

"Ng'ombe gani? Si walikufa wote?"

Dereva alichomoa ufunguo, akautupa mbali, kwenye nyasi zilizosalia.